Nukta Iliyomezwa

Jumatatu, 3 Februari
Same. Joto, vumbi, feni imegoma. Bado nasakinisha ile programu huria ya kukokotoa dozi za watoto kwenye kompyuta za msaada za zahanati. Zote zinatumia mfumo wa Linux, kila moja na uzee wake. Kwenye laptopu yangu majaribio yote yalipita. Kwenye hizi, moja limeanguka. La watoto wachanga. Elinami, bosi wangu, anasema si neno, mradi programu inafunguka. Ananichefua.

Jumanne, 4 Februari
Nimeipata. Kompyuta zilikuja na setingi za ng'ambo, ambako desimali huandikwa kwa koma. Sisi tunaweka nukta. Programu ikifika kwenye nukta inaacha kusoma. Mtoto wa kilo 2.9 inamwona wa kilo 2. Inatoa dozi pungufu, kimyakimya, bila onyo.

Nikamweleza Elinami. Ndipo akasema kwenye kompyuta ya zahanati ya Makanya alishaisakinisha wiki iliyopita. Majaribio aliyaruka. Picha za kuwatumia wafadhili alikumbuka kupiga. Aliyasema hayo huku akitafuna chapati. Nilitoka nje nikatema mate.

Jumatano, 5 Februari
Makanya, asubuhi. Nilimwamkia Nesi Mwanaidi, mtu mzima, nikamuuliza ni watoto gani wachanga waliokokotolewa dozi kwa kompyuta ile. Mmoja tu. Mtoto wa Nakijwa, mwenyeji wa Mhezi, huko milimani, aliyeshuka kujifungulia kwa dada yake. Ana maambukizi. Anachomwa sindano kila siku na homa haishuki. Uzito wake 2.9.

Nikamwonyesha kosa. Mwanaidi aliketi. "Mwanangu, mimi niliiamini hii mashine," akasema.

Akampigia daktari wa Same, wakakokotoa upya kwa mkono. Gari likaja kumchukua mtoto na mama yake.

Nikampigia Elinami. Jibu lake: "Usiandike popote." Kinyaa. Sina neno jingine.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeandika. Kwa mganga mkuu wa wilaya, na kwa waliotengeneza programu. Programu nimeifuta kwenye kompyuta ya Makanya. Elinami hanisalimii. Afadhali, mkono wake siutaki.

Jumatano, 12 Februari
Watengenezaji wameirekebisha. Nimeisakinisha upya, majaribio yamepita yote, hata kwenye kompyuta ya Makanya. Elinami akaja kupiga picha. Mganga mkuu akamwambia atoke. Nilifurahi, kisha nikakumbuka mtoto bado yuko wodini.

Jumapili, 23 Februari
Mhezi. Ukungu mpaka mlangoni. Nakijwa na mtoto wameruhusiwa, wako kwao. Alipoanza kunishukuru nilimkatiza, nikamweleza yote, na jina la Elinami nikalitaja.

Alimtazama mtoto aliyekuwa akinyonya.

"Na watoto wa wenzangu?" akauliza.

Nikamwambia hakuna mwingine. Akamhamishia mtoto titi la pili. Ananyonya kwa nguvu.