Mama, Maji Yako Sikuyamwaga Mimi

Mama,

Shikamoo. Siku ile unaondoka sikuwahi kukuamkia, kwa hiyo leo naanzia hapo.

Unajua nani alikuosha? Ni Mama mdogo Rukia na majirani wawili. Mimi, binti yako wa pekee, nilikuwa nje nimekaa kwenye ngazi. Mama mdogo alikuwa amenisogelea anipe pole, akanusa, akarudi nyuma. Akasema taratibu, "Zulfa, kwa hali hiyo humgusi dada yangu." Wanawake wote wakatazama chini, kisha mlango ukafungwa. Nilikuwa nimetafuna karafuu za kutosha pilau la msiba mzima, na bado pombe ilinuka. Niliona aibu, Mama, nikatamani ardhi ipasuke.

Na karafuu zenyewe ulininunulia wewe. Nilikudanganya jino linauma, ikawa kila ukienda sokoni unarudi na kifuko, unaniambia, "Ling'oe hilo, mwanangu, litakuua." Mpaka leo sijui kama ulikuwa unazungumzia jino.

Baada ya arobaini yako, Mama Nilesh alinishika mkono. Ni yule wa duka la vyombo Mchafukoge, uliyekuwa ukigombana naye bei ya masufuria halafu mnakunywa chai pamoja. Akaniambia mumewe naye alikuwa mlevi, na siku hizi anakwenda kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana Jumamosi, ghorofani, kwenye jengo la nyuma ya duka lake. Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi si mlevi. Jumamosi ilipofika nikaenda. Nilivaa ninja, macho tu nje, mimi niliyekuwa nikikuambia mtandio tu unaniletea joto.

Nikaingia chumba cha kwanza nilichokuta kina watu. Wamependeza, wanataniana, soda mezani. Nikajisemea, kumbe walevi wenzangu wana hali nzuri hivi! Mwenyekiti akaomba wageni wajitambulishe. Nikasimama nikasema, "Naitwa Zulfa, na mimi ni mlevi."

Mzee mmoja akapiga makofi: "Safi sana, dada! Wewe tunakupa vinywaji!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama, ile ilikuwa kamati ya harusi.

Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini. Mimi nilitoka mbio, nikaegemea ukuta wa korido nikalia. Neno nililolificha miaka yote, nimekwenda kulitoa kwa watu wanaopanga ukumbi na keki. Ndipo mlango wa pili ukafunguka, mama mmoja akachungulia. "Dada, tumekusikia hadi huku. Wa kuambiwa hayo ni sisi." Akanivutia kiti cha plastiki, karibu na mume wa Mama Nilesh, ambaye alijifanya hanijui. Siku hiyo sikufungua mdomo. Nilisikiliza watu wakisema mambo yao, mengine yangu kabisa, na nikarudi Jumamosi iliyofuata.

Usidhani nimepona. Juzi hapa niliuza vitenge vizuri, nikajipongeza, na wewe unajua nilijipongeza kwa kitu gani. Kesho yake asubuhi Bi Tatu wa nyumba ya pili akafariki, yule aliyekuwa akikusuka. Nikaenda msibani nimeoga, meno nimesugua, sinuki kitu. Wanawake walikuwa wanajiandaa kumwosha. Mama mdogo akanikumbatia, nikamsikia akivuta pumzi shingoni kwangu. Akaridhika. Akaninyooshea kopo: "Njoo ummwagie maji, mwanangu."

Mama, kopo hilo nimelililia tangu siku yako. Ningelipokea tu, nani angejua? Lakini mkono ulikataa kunyooka. Nikasema mbele yao wote, "Mama mdogo, jana nimekunywa."

Safari hii hawakutazama chini. Walinitazama mimi. Nikangoja kufukuzwa, na moyoni nikajitukana kwa ujinga wangu, maana nilishapata nilichokitaka nikakitema mwenyewe. Mama mdogo akaweka kopo chini, akachukua ndoo mbili tupu, akanipa.

"Basi leo utakaa mlangoni. Tuletee maji."

Nikabeba. Bomba liko chini uani, na ngazi za kwa Bi Tatu unazijua. Nilipanda na kushuka mpaka mabega yakawaka moto. Kila nilipofika nilitua ndoo kizingitini, na mikono ya ndani ikaipokea. Harufu ya kafuri ilinifikia pale pale nilipo. Nililia kwa ajili ya Bi Tatu, lakini zaidi nililia kwa ajili yako. Mlango waliurudishia tu, Mama. Hawakuufunga.

Sitakuahidi kwamba sinywi tena. Ahadi hiyo nilikupa mara nyingi ukiwa hai, na wewe ulikuwa ukiipokea kila mara kama mpya. Nakuahidi hili dogo: Jumamosi nitakwenda, nitasema nilivyoanguka, bila karafuu mdomoni. Na kopo lile likinijia tena, sitalishika kwa uongo, hata kama nitabeba ndoo mpaka nizeeke.

Pumzika, Mama. Maji yako waliyamwaga wengine. Nisamehe.

Binti yako,
Zulfa