Nani Alikutuma, Bitegeko?

Bitegeko, mnywani wangu,

Usishangae nikikuita hivyo tena. Siku nilipobatizwa padre aliniambia niachane na unywani wetu, undugu ule wa damu, nami nikauacha kwa mdomo. Lakini ile buni tuliyoipasua, nusu nikaila na damu yako, nusu ukaila na damu yangu, nitaitapikaje leo?

Umeniachia kazi, bwana wee. Tangu tukuzike kibanjani kwako, katikati ya migomba yako, hapa Mabira hazungumzwi mwingine. Bitegeko alikuwa hivi, Bitegeko alikuwa vile. Mimi mwalimu wa dini, ninayewagongea kengele ya kigango kila Jumapili, sijui kama nikifa watanililia hivyo. Mke wangu mwenyewe alikulilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanigeukia: "Ungekuwa hata nusu yake!"

Nakuonea wivu, Bitegeko. Haya, nimesema.

Mimi kila jema ninalofanya nina mahali pa kulipeleka. Nikimpa mgonjwa maziwa, moyoni najua yupo anayeniona, na mbingu ipo. Wewe hukuwa na mbingu. Hata mizimu ya wazee uliicheka, kibanda cha matambiko cha baba yako ukakiacha kikaoza. Lakini Jumapili, sisi tukiimba, nilikuwa nakuona kupitia mlangoni, kule ng'ambo ya njia kwa mjane Kokwijuka, unakata majani makavu, unategemeza migomba iliyolemewa na mikungu. Na Kokwijuka ni Mkristo wetu! Siku moja nikakujia juu: nani amekutuma, nawe Mungu humjui? Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.

"Mgomba ulikuwa umelala, Yohana. Ulitaka nimuulize nani?"

Majuzi niliwafundisha watoto kwamba asiyemwogopa Mungu hana kinachomzuia kuiba. Binti mmoja akanyoosha kidole: "Na mzee Bitegeko, je?" Wenzake wakacheka. Nikawaambia wasimame tusali Baba Yetu.

Jumamosi ikaja mvua ya mawe na upepo wake. Asubuhi yake watu wamekaa kigangoni wananisubiri, nami nikatupa macho ng'ambo, mazoea tu, kukutafuta. Hakuna mtu. Kibanja kizima cha Kokwijuka kimelala chini. Bitegeko, kengele sikuigonga. Nilichukua panga, nikakata miti ya kutegemezea, nikaenda hivyo hivyo na kanzu yangu ya Jumapili.

Na huko ndiko ulikonishinda kabisa. Kila mgomba niliousimamisha, shingo iligeuka yenyewe kuangalia kigangoni. Wananiona? Kila mgomba! Wewe sikuwahi kukuona ukigeuka. Nilipomaliza, Kokwijuka akatoka na kahawa ya kutafuna kiganjani, akanikaribisha huku machozi yanamtoka. "Asante, baba. Bitegeko ndiye amekutuma." Ala! Jasho langu, asante yako. Nilirudi nyumbani nimenuna njia nzima.

Padre akija ataambiwa habari za Jumapili ile, na huenda kazi nikanyang'anywa. Naiogopa siku hiyo, sikufichi. Bila kengele ile sijui mimi ni nani hapa Mabira. Akiniuliza, nitamwambia migomba ilikuwa imelala. Sina maneno mengine, na hayo yenyewe ni yako.

Pumzika sasa, mnywani wangu. Mungu wangu bado namwamini, na nitakuombea kwake upende usipende. Kibanja cha Kokwijuka niachie mimi. Nakuahidi hakitaota magugu nikiwa hai. Na siku nitakayosimamisha mgomba mmoja, mmoja tu, bila kugeuka kuangalia nani ananiona, nitakuja kaburini kwako kukuringishia.

Ndugu yako,
Yohana