Viroboto wa Maji na Buluu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe daftari! Siku kumi na moja hujulikani uliko, leo nakukuta chini ya mfuko wa chumvi ya kutilia rangi, umelala kama bwana harusi. Huna haya! Habari zimenijaa mpaka kooni. Haya, kaa hapa.

Mjukuu wangu Miwani, huyu aliyenifundisha kushika kalamu nina mvi tayari, siku hizi anafanya kazi maabara ya maji. Jana kaingia uani, kanikuta namwaga maji ya buluu mferejini. Kasimama. Bibi, mbona mfereji huu hauna tena hata mdudu? Nikamwambia wamehama, kodi imepanda. Hakucheka.

Anataka kuipima buluu yangu. Ikiua vijidudu vya maji, niache. Niache! Miaka thelathini natia vitambaa buluu ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Nitie rangi gani sasa — ya uji?

Jumanne, 4 Machi

Kaja na viroboto wa maji kwenye chupa, vijidudu vya bwawani visivyouma mtu. Wadogo kama chembe za pilipili, wanarukaruka kama wamealikwa mahali. Ndicho alichosomea miaka minne!

Gilasi tano mezani kwangu. Ya kwanza maji safi matupu. Zinazofuata zina buluu, kila moja kali kuliko jirani yake. Viroboto kumi kila gilasi, siku mbili. Kuwalisha marufuku. Hata punje, Bibi, hata punje! Nimewaonea huruma, lakini nimetii.

Gilasi niliziosha mwenyewe. Mgeni hapewi gilasi yenye vumbi.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekufa! Wote! Hata wa maji safi! Nikapiga kigelegele. Umeona? Maji yenyewe yanaua, buluu yangu haina kosa!

Miwani akatikisa gilasi taratibu, akangoja, akatikisa tena. Asiyesogea ndiye anayehesabiwa maiti. Hakusogea hata mmoja. Akaketi. Kipimo kimeharibika, akasema, maji safi hayaui. Bibi, gilasi uliosha na nini?

Na maji, nikasema.

Uongo. Sabuni ya unga vijiko viwili, na dawa ya madoa juu yake. Nilitaka zing'ae.

Na akaniamini! Kaondoka anajilaumu, eti labda kazi hii haiwezi.

Ijumaa, 7 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, na goti langu haliwezi hata hiyo fupi. Nimemwita, nikamwambia: sabuni.

Akanitazama. Kisha akacheka mpaka miwani ikadondoka. Bibi, umeua hamsini kwa usafi!

Koma, mke mwenzangu, nikamjibu, lete wengine.

Kaleta. Safari hii kaosha yeye, kasuuza mpaka nikachoka kutazama. Saa nne asubuhi tumeanza upya. Mimi mikono mgongoni kama mshitakiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku moja imepita. Maji safi — wote kumi wanacheza. Gilasi tatu za buluu kali — wote chini. Hiyo sikushangaa, hata mimi nisingeinywa.

Lakini gilasi ya pili! Ile nyepesi kuliko zote, Miwani anasema ndiyo sawa na maji ya mfereji wangu. Saba wanaogelea. Watatu chini. Nimetikisa taratibu. Nimengoja. Mmoja kainua mkono. Au ni macho yangu.

Mama wa duka la vitambaa kapiga simu, anataka mashuka arobaini ya buluu. Nikamwambia nitamjibu kesho. Kaniuliza kama naumwa.

Pipa uani limejaa maji ya buluu. Sijalimwaga.

Kesho saa nne Miwani anakuja kuhesabu mara ya mwisho, ndipo tujue kama naacha. Wewe daftari, usinipotee tena. Wahi kabla yake, uje na kalamu yenye wino, na gilasi usiguse. Kaa karibu na ile ya pili. Mimi nitatikisa, wewe andika wanaosogea tu — na usinionee huruma.