Wamelizamisha Waridi Lako

Mwaitu,

Mama yangu, mikono yangu inanuka. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia na bado. Ni harufu ya waridi lako la jangwani, lile tulilolipanda kichwani pa kaburi lako miezi minne iliyopita kwa sababu ulilipenda kuliko ulivyotupenda sisi. Limeoza. Nilibonyeza shina lile nene, kidole kikazama, ukatoka uji mweusi wenye funza. Nimeona kinyaa, na si kwa sababu ya mti tu.

Wamelimwagilia hadi likafa. Kila Jumapili baada ya kanisa, kaka yangu Kioko anakuja na mkewe na punda wawili, wanamimina mitungi minne mbele ya majirani. Kule kwetu Kithimani, mtu akimwaga maji wakati wa kiangazi, hakuna atakayeuliza kama anampenda mama yake. Basi nani angemwambia aache?

Wewe ulisema, "Huyu akiangusha majani mumwache kabisa. Amelala, hajagonjeka." Ulimpanda kwenye debe lililotobolewa, mchanga wa mtoni na kokoto. Kila asubuhi ulimpapasa tumbo. Likiwa gumu, ulipita zako. Likinywea, ulimpa kikombe kimoja cha maji uliyosuuzia vyombo.

Maji ya kusuuzia vyombo! Kwa sababu Kioko, mwenye tanki na bomba karibu na mlango wako, alilitia bomba lile kufuli mwaka ule wa ukame. Nawe ukabeba mtungi mgongoni kutoka mferejini, kamba kwenye kipaji cha uso, magoti yamevimba. Leo anakumwagia mitungi minne ukiwa mifupa. Mnafiki mkubwa! Nikimwona anavyojipangusa jasho pale kaburini, natamani kutema mate.

Nilikata na kukata mpaka nikapata tawi moja gumu, jeupe ndani. Nimelileta huku Mlolongo, liko juu ya kabati mpaka kidonda kikauke, kama ulivyonifundisha. Wiki mbili bila tone la maji, ndipo niliweke mchangani. Sijui kama litapona. Kioko naye amenipigia simu. Anataka kununua lingine la siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. "Kubwa kuliko hiyo ingine," anasema, "na tutaipatia maji ya kutosha." Nilikata simu.

Lakini nisijitakase. Kufuli ile niliiona, Mwaitu. Nilikuja Krismasi, nikaiona, kisha nikaenda kunywa chai kwa Kioko, kwa kuwa yeye ndiye aliyeniingiza kazini kiwandani Athi River. Wewe nikakuachia soda mbili. Soda! Ukanishukuru. Nikikumbuka ulivyonishukuru, najichukia kuliko ninavyomchukia yeye.

Pumzika sasa, mama. Tawi likishika mizizi litakaa kwangu, huko halirudi. Na siku ya msalaba, watu wakishaketi na Kioko akiinua mtungi wake, nitasimama niwaambie habari ya kufuli. Nitawaambia na ya ile chai. Kazi ikienda, iende.

Binti yako,
Ndinda