Mtaro Umeishia Jikoni Kwangu

Ifakara, 12 Januari 2025

Mwanangu Fidel,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Kidatu? Noela na wajukuu zangu hawajambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu, nikifika penyewe, mtandao wako hukatika.

Jambo ni mtaro. Bwana mmoja wa ofisi ya mji alikuja mkutanoni akasema barabara kubwa ni zao, mitaro ya mitaani tuchimbe wenyewe, bajeti haijafika. Nikasimama nikamuuliza, ule ushuru tunaotozwa kila gunia la mpunga unachimba nini? Watu wakapiga makofi, yeye akanywa maji. Mwisho tukakubaliana kila kaya ichimbe kipande kinachopita kwake, kutoka juu kwa fundi baiskeli hadi mto Lumemo.

Changu nimechimba. Lakini mtaro umefika nyuma ya jiko langu ukasimama. Hauteremki kwenye kile kiwanja cha chini alichokuachia marehemu baba yako. Nikimuuliza mwenyekiti wa mtaa, Egidius, anaangalia pembeni. Juzi mvua ilinyesha kidogo tu, maji ya mtaa mzima yakalala mlangoni pa jiko, pamoja na malapa ya watu nisiowajua. Nyumba hii ni ya matofali mabichi, masika ikiikuta hivi itaanguka. Nahisi kuna mtu anataka nihame. Wewe unajua nini?

Mama yako,
Kandida

Kidatu, 17 Januari 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Pole na goti.

Sasa mama, mimi nitajua nini, na siku nzima niko kwenye miwa? Ila nikushauri kama mwanao: mwangalie yule Masanja. Tangu ahamie hapo mpakani na ng'ombe wake, macho yake yako kwenye malisho ya kwetu. Mwenyekiti naye hawezi kumkatalia mtu anayempelekea maziwa. Kikulacho ki nguoni mwako, mama.

Usimwulize Egidius sana, utamuudhi bure. Na mikutano achana nayo kwanza, wasije wakakusainisha kitu. Maji yakizidi, njoo ukae kwetu. Noela amekuandalia chumba, hata kitanda ameshanunua.

Mwanao,
Fidel

Ifakara, 3 Februari 2025

Mwanangu Fidel,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti limetulia. Mwambie Noela ahsante kwa chumba.

Umejibu haraka. Barua ya kukuomba bati la jiko ulinijibu baada ya Pasaka mbili. Nimeliona hilo.

Nilikusikiliza. Masanja nikaacha kumsalimia. Akiniambia shikamoo mama, napita kama kiziwi. Mkewe, Kabula, aliniletea maziwa, nikampa paka kwanza. Paka mzima, ananenepa. Nimeshinda dirishani nikiwahesabu ng'ombe wao kama askari, hakuna hata mmoja aliyevuka.

Ila kuna kitu hakinikai sawa. Masanja ameshachimba kipande chake, kutoka mpaka wa kiwanja chako hadi mtoni, kirefu kuliko cha yeyote. Mtu anayetaka nizame atanichimbiaje njia ya maji? Juu kumechimbwa, chini kumechimbwa. Katikati kuna kiwanja chako tu, hata jembe halijagusa. Jumapili kuna mkutano. Umesema nisiende. Naenda.

Mama yako,
Kandida

Kidatu, 6 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Naandika hapa stendi, namkabidhi kondakta sasa hivi. Tafadhali usiende Jumapili. Watu wa huko wanapenda maneno, watakuambia mengi. Nisubiri, nitakuja kukueleza mwenyewe, hali ikiruhusu. Pokea simu basi, nimepiga sana.

Mwanao,
Fidel

Ifakara, 2 Machi 2025

Fidel,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mko wazima. Barua yako kondakta alikaa nayo, ikanikuta nimeshatoka mkutanoni. Nimekusubiri wiki tatu uje kunieleza, naona hali haijaruhusu.

Nilimuuliza Egidius mbele ya watu wote, mtaro umesimamishwa na nani. Akasema, "Mama Fidel, mbona mwanao alinipigia mwenyewe? Alisema mmekubaliana maji yaishie kwako. Kile kiwanja kina mteja, kisikatwe, na wewe unahamia Kidatu."

Nikatafuta pa kukaa. Masanja ndiye aliyeniletea kiti, huyo huyo niliyempita kama kiziwi. Nimemwomba radhi. Akacheka, akasema, "Mama, sisi tulidhani ni masikio."

Imeniuma, Fidel. Kiwanja ni chako, ungeniambia unauza ningenuna siku mbili yakaisha. Kilichoniuma ni chumba. Nilifurahi. Niliwaambia mpaka akina mama wa jumuiya kwamba mkwe wangu amenitandikia kitanda. Kumbe ulikuwa unanihamisha ili maji yapate pa kulala.

Mteja wako alikuja Jumanne. Nilimwonyesha mtaro utakapopita, katikati kabisa ya kiwanja, nikamwambia achague upande. Aliondoka bila kunywa chai.

Watu walitaka kukichimba kile kipande siku ile ile ya mkutano, Masanja alikuwa ameshaleta jembe na chepe. Nimewakataza. Tulikubaliana kila mtu achimbe pake, na pale ni pako. Wananiona nina kichaa, Egidius amekuja mara mbili kunibembeleza.

Mawingu yamejaa upande wa milimani tangu jana. Unga na godoro nimeviweka juu ya meza. Kidatu siji. Nimekaa hapa mlangoni, nataka kuona kitakachotangulia kufika, wewe au mvua.

Mama yako bado,
Kandida