Mguu Umevimba, Mbio ni Mwezi Ujao, na Wifi Hajui

Mpendwa mshauri, nisamehe nikianza na mguu kabla ya salamu, maana naomba msaada wako na mguu wenyewe nimeuegesha juu ya ndoo iliyopinduliwa hapa ninapoandika, na kila mume wangu akipita sebuleni ananitazama kwa lile jicho la "nilikwambia."

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wakubwa, na ukiniona njiani hutadhani nakimbia, lakini nakimbia, tena sikimbii barabarani kama watu wenye akili zao, nakimbia vilimani, kwenye vijia vya mawe na mizizi nyuma ya mji, na nakwambia bila kujisifu sana kwamba kwenye kupanda wapo vijana wanaoujua mgongo wangu kuliko uso wangu. Nimeshang'oka kucha, nimechubuka magoti, paja limewahi kubana mpaka nikashuka kilima kinyumenyume, na hakuna hata kimoja kilichonikalisha chini, kwa sababu siku nisizopanda nafanya mazoezi nyumbani, nasogeza meza, naruka kamba, nachuchumaa na kuinuka, napiga pushapu nikiegemea kochi, na baba watoto, ambaye zoezi lake yeye ni kutafuta rimoti, anasema iko siku nitatoboa sakafu tuangukie kwa jirani wa chini.

Mwenzangu wa vilimani ni wifi yangu, dada yake mume wangu, anaoka mikate na ni mjane. Mumewe alipofariki alijifungia, alikuwa anatoka kwenda kuoka na kurudi kulala, ukimtembelea anakutengea chai kisha ananyamaza mpaka unaaga mwenyewe, na sisi ndugu tulishajaribu maneno yote tukaishiwa. Siku moja nikamwambia anisindikize mpaka kwenye jiwe la kwanza tu, asikimbie, atembee. Akanisindikiza. Safari iliyofuata akauliza jiwe la pili liko wapi. Leo hii ndiye anayenigongea mlango, na ndiye aliyeleta wazo la mbio za mwezi ujao, mbio za vilima za watu wawiliwawili, ambazo sharti lake ni wenzi wavuke mstari pamoja, mmoja akikwama wote wawili wanahesabiwa hawakumaliza. Mshauri, tangu msiba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichomsikia akikitaka.

Sasa wiki kadhaa zilizopita tulikuwa tunashuka, nikakanyaga jiwe lililolegea, kifundo cha mguu wa kulia kikapinduka, nikasikia maumivu mpaka kwenye meno. Wifi akauliza kama nimeumia. Nikacheka, nikajikung'uta, nikamwambia, "Mguu wa fundi huu, wifi, hauna muda wa kuumia." Tangu hapo kila akiniuliza namwambia bado kidogo tu, wiki hii tutapanda, na wiki ikifika nasingizia msimu wa sare za shule, na si uongo wote, karakana yetu ina mafundi watatu na sare zimetufika shingoni, nashinda kwenye cherehani ya kukanyaga tangu asubuhi mpaka jioni. Mguu nimeupumzisha kabisa, sijagusa kilima hata kidogo, naruka kamba tu sebuleni nisije nikapoteza pumzi, nafunga bandeji chini ya soksi ndefu, nachua kila siku, na bado nashangaa, asubuhi uko mzuri hata najidanganya umepona, ikifika jioni umeumuka kama mkate wa wifi.

Kinachoninyima raha ni mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwepesi kama karatasi, anayekuja kukimbia nasi mara mojamoja na ambaye amemwambia wifi mbele yangu kwamba mimi nikibanwa na kazi yeye yupo. Nikisema ukweli, nimemkabidhi nafasi yangu mkononi. Au wifi atasema basi tuache, arudi kujifungia, na mimi ule mlango siwezi kuutazama tena umefungwa. Mume wangu naye anasema niache kukimbia moja kwa moja, umri umeshaniita, niitike. Mimi nimeamua nitaubana mguu kwa bandeji, nitakimbia, nitaugua baada ya kuvuka mstari. Naomba uniambie niko sahihi, kisha unipe mazoezi ya kuukaza mguu haraka. Na tafadhali usiniambie nipumzike, nimepumzika mpaka nimechoka.

Ni mimi,
Fundi Asiyekaa

*

Fundi Asiyekaa,

Pole na mguu. Na kwa wifi, nakupongeza kwa dhati, maana aliyemtoa mjane ndani kwa kumwonyesha jiwe moja kisha jingine amefanya lililowashinda wasomi wa vitabu vinene. Nimeyasema hayo mapema kwa sababu yanayofuata si pongezi.

Umeniomba nisikwambie upumzike. Mama, nitakwambiaje upumzike tena wakati hujaanza? Isome barua yako mwenyewe. Mguu wa kulia umeteguka, ukaamua usipande kilima, vizuri, kisha ukakaa kwenye cherehani ya kukanyaga ukaupandisha na kuushusha mguu uleule kutwa nzima, wiki baada ya wiki, halafu unashangaa kwa nini asubuhi mzuri na jioni umevimba. Kilima ulikuwa ukikipanda asubuhi moja moja. Cherehani unaipanda kila siku, msimu wa sare, bila hata kupata upepo. Na hukuona, kwa sababu kwako ile si mwendo, ile ni kazi, na mtu hahesabu anachofanya akiwa ameketi.

Kisha ukaongeza kamba. Kifundo kilichoteguka ukakirusha juu na kukipokea kwenye sakafu ngumu, eti usipoteze pumzi. Hapo umeruka majivu ukakanyaga moto. Kwa jambo hili tu, jirani yako wa chini na mimi tuko upande mmoja.

Mumeo amekosea, umfikishie. Mguu kuteguka si barua ya kustaafu. Vijana wanateguka, wachezaji wanateguka, na wanarudi. Kukimbia kwako hakuna kosa, wala ukaidi wako haunisumbui, nimeupenda. Kinachonisumbua ni ugonjwa wenu mafundi. Nimeshonesha nguo maisha yangu yote, nawajua. Kitambaa hakijaguswa na mkasi, mteja akiuliza mnamwambia bado vifungo tu. Sasa umeuhamishia mguu mchezo huo. Wifi anauliza, unamwambia bado vifungo tu, na gauni lenyewe hujalikata. Tofauti ni kwamba mteja wa gauni akikosa nguo huazima kwa dada yake. Mteja wa mguu wako atakuwa juu ya mteremko, na wewe umekaa kwenye jiwe.

Basi tufanye hivi. Kesho, kabla ya kufungua karakana, nenda kituo cha afya mguu uonwe. Mguu unaovimba wiki hizi zote una haki ya kutazamwa na mtu aliyesomea, si mimi wala si bandeji yako, na ukiona huwezi kuukanyagia, au mfupa unauma ukiguswa, usingoje hata hiyo kesho. Wakikwambia hakuna kilichovunjika, rudi kazini lakini hama kiti. Zungumza na wenzako wawili, wao wakanyage, wewe ukate, upinde na kutia vifungo kwa mkono, mguu ukiwa juu ya stuli. Watanung'unika, wanung'unike. Ukilazimika kukaa kwenye cherehani, kanyaga kwa mguu wa kushoto, na mishono ikienda upande siku za mwanzo utaifumua, kufumua si kazi ngeni kwako.

Nyumbani kamba itundike msumarini. Pushapu za kochi endelea, ruhusa. Lala chali uinue miguu, kaza tumbo, paja na mgongo, pumzi haikai kwenye kifundo. Mguu mgonjwa uuzungushe taratibu hewani ukiwa umekaa, ukiona hauumi, simama kwa mguu huo mmoja ukishika mgongo wa kiti, halafu inuka kwa vidole na kushuka polepole, tena ukishika, usiniletee ushujaa. Mtaalamu akikuongezea au kukupunguzia, msikilize yeye. Utakapoweza kushuka ngazi bila kukunja uso ndipo utembee, ndipo ukimbie tambarare, ndipo upande. Kushuka kuje mwisho kabisa, kwa sababu kushuka ndiko kulikokuangusha. Kama yote hayo yatatimia kabla ya mbio, sijui, na wewe hujui, na bandeji haijui.

Maumivu nayo jifunze kuyatofautisha. Msuli unaochoka na kulegea kesho yake ni wa kukimbia nao. Kiungo kinachovimba kila jioni kinakwambia hapana, na umekuwa ukikijibu kwa dawa ya kuchua.

Sasa tuje kwenye lililokufanya uandike, maana hukuniandikia kwa ajili ya mguu. Unasema unaficha ili wifi asirudi kujifungia. Nusu ya maneno hayo naiamini. Nusu ya pili imevaa viatu vya mbio na inafundisha chekechea. Unaogopa kuachwa, ndugu yangu, na sikucheki, hata mimi ningeogopa. Umemtoa mtu gizani, halafu anatokea mwepesi asiye na historia yoyote anataka kuvuka naye mstari. Inauma, na una haki ya kuumia.

Lakini fikiri siku yenyewe. Umefunga bandeji, mmepanda vizuri, mmefika mteremko, mguu umekukatalia. Sharti mmelijua wote wawili. Unadhani wifi atakuacha hapo aendelee? Hatakuacha. Atakaa chini na wewe, atakufungua soksi, ataona bandeji, na ataona kwamba ulikuwa unajua. Mbio zitakuwa zimempotea, na mtu aliyemwamini atakuwa amemdanganya usoni, yote kwa asubuhi moja. Ukitaka kumrudisha ndani na kufunga mlango, hiyo ndiyo njia fupi kuliko zote.

Ukimwambia leo, ana muda. Anaweza kukimbia na mwalimu, wakazoeana hatua. Anaweza kusema atakungoja mpaka mbio zijazo. Anaweza kukukasirikia kidogo, na utamwacha akasirike, hasira ya ndugu si ugonjwa. Akimchagua mwalimu utaumeza wivu wako, utakwenda kumngoja kwenye mstari wa mwisho na stuli yako, na utapiga kelele kuliko mtu yeyote pale. Akisema atakungoja, usijifanye mwema kupita kiasi ukamkatalia, itikia. Kazi ya kuchagua si yako, na hapo ndipo ulipokosea tangu siku ile ulipocheka na kujikung'uta, ulimchagulia asijue.

Nenda kwake akishamaliza kuoka. Usianze na habari za sare. Vua soksi, fungua bandeji, mwonyeshe mguu jinsi ulivyo jioni, si jinsi ulivyo asubuhi. Kisha nyamaza umwache aseme anataka nini. Mumewe alipofariki mlimwambia maneno yote, na katika barua yako sikuona aliyemuuliza anataka nini. Wewe muulize.