Basari ya Mahali Ulipozikwa

Mama,

Najua ungeanza kwa kuniuliza kama nimekula. Nimekula. Sasa niache nilie kidogo, kisha nikueleze.

Nafasi niliipata. Chuo kimeniita nikasomee uuguzi, kazi ile uliyokuwa ukiwatangazia wanawake wote wanaoanika omena, dagaa wa ziwa letu, hapa Sindo: "Huyu ni daktari wangu." Nikikurekebisha kwamba si udaktari, ni uuguzi, ulikuwa ukinijibu, "Kwani si wote wanadunga sindano?" Basi huyo daktari wako anatakiwa kuripoti Jumatatu, na karo hana. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine.

Kuanika omena sikuacha. Lakini mvua imekataa kutuhurumia, na omena ikinyeshewa unajua mwenyewe, inabaki chakula cha kuku tu. Ndiyo nikaanza kutafuta ufadhili. Nimeomba, nimeomba, Mama, hadi vijana wa saiba, lile duka la intaneti kule Homa Bay, wananiita kwa jina. Wengine walijibu kwamba muda umepita. Wengi hawakujibu kabisa.

Ikabaki basari ya wadi, ile pesa ya karo ya mayatima, na hiyo haitoki bila barua ya chifu. Nikaenda kwa chifu wetu. Ni mtu mzuri, hata kwenye matanga yako alikuja. Akaniuliza, "Mama alizikwa wapi?" Nikasema Migori, kwa kina baba. Akaweka kalamu chini. "Basi kwenu ni huko, binti yangu. Hapa mlikuwa wapangaji." Wapangaji! Mimi ambaye meno yangu yote yameotea Sindo! Nilitoka pale bila hata kuaga.

Nikaenda Migori. Naibu wa chifu wa huko akasema hanijui, nilete mtu wa ukoo aseme mbele yake kwamba mimi ni mtoto wa boma lile. Na mtu wa ukoo ni nani kama si baba mdogo? Yule yule uliyemkataa alipotaka kukurithi baba alipofariki, ukafunga virago, ukanibeba mgongoni mpaka Sindo. Nilimpigia magoti, Mama. Kweli, magoti, kwenye matope, watoto wake wakinitazama. Akaniambia niliondoka kwao bila kumuaga mtu, nirudi nilikotoka vivyo hivyo. Nilikuwa mtoto wa mgongoni! Ningemuaga vipi?

Na ndiye aliyekuja na gari kukuchukua mochari. Ndiye aliyepiga kelele kwamba mke wa ukoo wao hawezi kuzikwa kwa watu, lazima alale dala, nyumbani, kando ya mume wake. Wewe ulisema mara ngapi unataka kulala hapa, usikie ziwa? Nani alikusikiliza? Maiti yako waliipigania mpaka wakaipata. Mimi niliye hai hawanitaki. Sindo wananiambia kwenu ni kaburi liliko, na wenye kaburi wananiambia hawanijui. Niende wapi, Mama? Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi, unisamehe mwandiko.

Jana nilitaka kuacha. Nilisema basi, nitaanika omena mpaka nizeeke. Halafu nikakumbuka msalaba wako. Siku ile ya mazishi fundi aliniita kando akaniuliza aandike nini, kwa sababu waombolezaji waliotoka Sindo hawakulijua jina lako la kitambulisho. Nikamwambia aandike unavyoitwa na kila mtu: Mama Atieno. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeusimamisha kwa mikono yake.

Kesho narudi Migori, na kwa baba mdogo sipiti. Nitamshika naibu wa chifu anifuate mpaka kaburini kwako, asome. Kisha nitampa kitambulisho changu asome jina langu. Sina shahidi mwingine, Mama. Katika wadi hiyo nzima, wa kusema mimi ni nani ni wewe peke yako.

Naogopa. Anaweza kucheka tu na kwenda zake. Lakini nakuahidi, sitatoka hapo bila barua. Nitakaa chini kando yako, na atakayetaka kunifukuza, aseme wewe ukisikia kwamba mimi si mtoto wako.

Lala salama, Mama. Nakuja.

Atieno wako